Gari Lililokausha Machozi

Mume wa dada yangu hakuwahi kulia mbele ya mtu. Siku alipomzika baba yake, sisi wote tulikuwa tumeinamisha vichwa, yeye alikuwa ameliinamia jeneza. Akaninong'oneza, "Shemeji, vanishi ya hapa imetiririka. Aliyepaka alikuwa na haraka." Nilimkanyaga mguu ili anyamaze. Hakunyamaza, akanionyesha na mahali pengine pawili.

Gereji nzima tunamwita Kioo. Kazi yake ni kung'arisha magari yaliyotoka kupakwa rangi. Mimi ndiye fundi wa rangi, kwa hiyo kila ninachokimaliza mimi yeye ndiye anayekianza, na hapo ndipo ugomvi wetu wa miaka kumi na minane ulipo. Nikishapaka gari na vanishi ya juu ikakauka, mtu yeyote mwenye macho ya kawaida atasema limependeza. Kioo hana macho ya kawaida. Anatusukumisha gari hadi juani, anafumba jicho moja, anainama kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, kisha anaguna. Akiguna ujue ameona viduara.

Kwa asiyevijua, viduara ni vikwaruzo vyembamba kuliko unywele, vinavyojizungusha juu ya rangi mpya kama utando wa buibui. Kivulini huvioni hata ukitoa macho pima. Jua likipiga vinajitokeza vyote kwa pamoja, kama wageni waliosikia harufu ya chai. Vinaletwa na kitambaa chenye vumbi, au sponji chafu ya mashine, au mtu tu anayefuta gari kwa kuzungusha mkono. Huyo wa mwisho, Kioo anamwogopa kuliko mwizi.

Dada yangu aliyajua hayo wiki ya kwanza ya ndoa. Aliifuta baiskeli ya mumewe kwa mapenzi yake yote, mkono ukizunguka kama sisi sote tunavyofuta. Kioo akarudi, akaitoa baiskeli juani, akaitazama, akaingia ndani akalala bila kula. Tangu siku hiyo nyumba ile haifutwi kwa kuzungusha. Meza inafutwa kwa mistari iliyonyooka, kutoka dirishani kwenda mlangoni. Sahani hivyo hivyo, na sahani ni mviringo, jamani! Nilipandwa na hasira, nikamwambia dada yangu arudi nyumbani.

"Kaka," akanijibu, "mwanamume halewi, hapigi, anataka meza ifutwe kwa mstari. Nirudi nikaseme nini?"

Hata kumchumbia, alimchumbia saa sita mchana, juani. Najua alichokuwa anakitafuta usoni pake, na nashukuru hakukiona.

Jambo jingine la kulijua ni kitambaa. Kioo ana vitambaa vya kila aina, lakini kimoja, cheupe na laini, anakiweka peke yake ndani ya kopo la biskuti. Hicho ni cha kupitisha mara moja tu, gari likiwa tayari kabisa, na hakiguswi na mkono wa mtu mwingine. Fundi wa injini aliwahi kupita karibu na kopo liko wazi, naye ana mafua. Alitolewa mbio hadi barabarani.

Sasa nije kwenye gari la Mama Safari. Mama huyu kazi yake ni kubeba maiti. Mwenyewe anaiita safari ya mwisho, watu wakafupisha, na jina likamkaa. Ana sauti ya kuamrisha na gari moja refu, jeusi, ambalo alituletea tulipake upya. Nililipaka vizuri, sijisifu. Lakini nikiri mwenyewe kabla hamjaambiwa na mwingine: siku ambayo Mama Safari alikuja kulichungulia, Kioo alikuwa amekwenda kumjulia hali shangazi yake, nami kiherehere kikanipanda. Nikachukua mashine yake, nikaokota sponji iliyokuwa imeanguka sakafuni, nikaipigapiga pajani kuitoa mchanga, nikang'arisha. Kivulini lilimeremeta, na Mama Safari akanipigia makofi.

Kioo aliporudi akalitaka juani. Safari hii hakuguna. Alikaa chini, palepale kwenye mafuta, akashika tama.

"Shemeji," akasema, "umelifanya nini hili gari?"

Alilifanyia kazi siku tisa. Alianza na dawa kali ya kusugulia, akaja na laini, akaja na nyingine laini zaidi ambayo ukiishika vidoleni huihisi. Alikuwa anakula amesimama, uso ukiwa kwenye mlango wa nyuma. Siku ya tisa alifungua kopo la biskuti, akapitisha kitambaa cheupe mara moja, kutoka mbele kwenda nyuma, akakirudisha. Mimi nimepaka magari maisha yangu yote na sikuwahi kuona kitu kama kile. Rangi haikuonekana tena. Ulichokiona ni wewe mwenyewe, umesimama ndani ya weusi, hadi vinyweleo vya puani.

Kioo hajisifu, lakini siku ile alisema, "Sitafanya jingine kama hili. Mikono hairudii." Akamleta dada yangu alione. Alimsimamisha hatua tatu nyuma, mikono mgongoni.

Gari likatoka, likaenda kumbeba mwalimu mkuu mstaafu, mtu aliyeheshimiwa na mji mzima. Nilikuwepo, kwa hiyo nasimulia nilichokiona kwa macho yangu. Jeneza liliingizwa, mlango ukafungwa, waombolezaji wakasogea kulizunguka gari kama kawaida. Mama mmoja akainua uso kuanza kulia, akajiona kitambaa chake cha kichwa kimekaa upande. Akakirekebisha. Wa nyuma yake akasubiri zamu. Punde ikawa foleni. Wanaume wakaanza kuvuta matumbo ndani. Mkwe wa marehemu akagundua kipande cha mboga kwenye jino la mbele, akakishughulikia kwa ukucha. Aliyepangiwa kuhutubia akajaribu sura ya huzuni mbele ya mlango wa dereva, akaipenda, akajaribu na ya upande wa pili. Mjane mwenyewe, maskini, alipofika akajitazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia dada yake, "Kumbe gauni hili linanipendeza." Wakacheka. Wakashikwa na aibu ya kucheka, na aibu ikawachekesha zaidi. Mwalimu mkuu alizikwa mchana ule pasipo chozi hata moja.

Mazishi mawili yaliyofuata yakawa hivyohivyo. Ndipo Mama Safari alipoingia gerejini kwa kishindo.

"Fundi Kioo! Nirudishie mikwaruzo yangu!"

"Ipi, mama?"

"Yoyote! Ile aliyoifanya huyu bwege mwenzako ilitosha!"

Siku ile sikuwa na wa kunitetea. Mama Safari akaeleza, akihema. Alikuwa amejaribu kila njia. Alilipitisha gari kwenye barabara ya vumbi, vumbi halikushika. Alilifunika shuka jeusi, shuka likateleza likabaki njiani, na msafara mzima ukalikanyaga. Aliwaambia watu wasilitazame, nalo hilo likawaita hata waliokuwa wanapita zao. Dereva wake aliapa kwamba alimwona nzi akitua kwenye boneti, akateleza, akaondoka bila kuangalia nyuma.

"Watu wananiambia nimewaharibia msiba," akasema. "Mtu anakufa mara moja. Halafu siku yake ndiyo watu wanakamulia chunusi!"

"Mama," Kioo akamjibu kwa utulivu, "wanamlilia mtu au wanalilia gari?"

"Wanalia wakiwa hawajioni! Hujui hilo? Mtu akilia anakuwa na sura mbaya. Nani atakubali kulia anajitazama?"

"Mimi natoa viduara, siweki," Kioo akasema, akarudi kwenye kazi yake. Tulimsihi kwa zamu, mimi, fundi wa injini, hata mwenye gereji. Haambiliki wala hasemezeki. Na sirahisishi mambo: nilimwelewa. Mtu amefanya kitu kimoja safi katika maisha yake, mnamwambia akichafue.

Mama Safari, kwa kukata tamaa, akaenda kumshtaki kwa shangazi yake.

Huyu Shangazi ndiye aliyemlea Kioo tangu akiwa na miaka minne. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, lakini katika misiba hapakuwa na mkubwa kuliko yeye. Kilio chake kilikuwa na mwanzo, katikati, na mahali pa kuvutia pumzi, na akianza yeye hata walionuniana na marehemu walijikuta wanalia. Mitaa mitatu ilimtegemea. Familia nyingine zilimtumia usafiri afike mapema.

Alikuja gerejini siku moja asubuhi, Mama Safari akiwa ameleta gari. Kioo akamshika mkono, akampeleka mbele ya ubavu wa gari kwa furaha ya mtoto anayeonyesha daftari.

"Huyu mama ni nani?" Shangazi akauliza.

"Ni wewe, Shangazi."

Akasogea, akarudi nyuma, akageuza shingo. "Nimezeeka hivi, na hamkuniambia?" Akaona unywele mmoja kidevuni, akaomba koleo ndogo, fundi wa injini akamletea ya kukatia waya. Alikaa pale karibu saa nzima. Alipomaliza akamgeukia Kioo.

"Gari zuri, mwanangu. Sijaona zuri kama hili. Lakini mimi lisinibebe."

"Wewe huendi popote, Shangazi."

"Sikiliza kwanza. Nimewalilia watu miaka hamsini, hata walioniudhi. Siku yangu nataka nililiwe. Sitaki watu watengeneze vilemba. Nataka walie mpaka wapaliwe. Na wewe ndiye uanze."

"Mimi?"

"Wewe. Wakikuona wewe unalia, jiwe kama wewe, hakuna atakayebaki." Akamshika shavu. "Utanililia au hutanililia?"

Kioo akacheka kidogo, akatazama pembeni, akasema, "Nitakulilia, Shangazi." Nilimwona akitazama boneti wakati anajibu.

Wiki tatu baadaye, Jumatano asubuhi, Shangazi alifariki akiwa amekaa kwenye kiti chake, kikombe cha chai kikiwa bado na joto. Kioo alipigiwa simu akiwa anang'arisha mlango wa gari dogo jekundu. Akasikiliza, akasema, "Sawa." Akaweka simu mfukoni, akaumaliza mlango wote kwa mistari iliyonyooka, ndipo akaniambia. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Mimi ndiye niliyelia, na hadi siku hiyo nilikuwa sijamwomba Shangazi radhi kwa kumwita king'ora.

Mazishi yakapangwa Ijumaa saa kumi. Gari jingine la maiti mjini lilikuwa gereji ya jirani, injini imefunguliwa yote iko chini kwenye magunia. Likabaki la Mama Safari. Mtu mmoja alipendekeza lori la mchanga, ndugu wakamtazama hadi akaomba samahani. Kila mtu alijua Shangazi alichokitaka, maana alikitangaza mitaa yote mitatu, na kila mtu alijua nani angeweza kumpa. Hakuna aliyemwambia Kioo neno. Tulimtazama tu, na nadhani hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Alhamisi saa sita mchana akampigia simu Mama Safari. "Lete gari," akasema.

Lilipofika akalisimamisha katikati ya uwanja, juani. Akaokota tambara la sakafuni, lililojaa mchanga, akasimama mbele ya boneti. Akapiga moyo konde. Akaliweka tambara juu ya rangi, akausukuma mkono, na mkono ukaenda mbele, mstari ulionyooka, ukarudi mstari ulionyooka. Akajaribu tena. Akafumba macho. Akaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto auzungushe kwa nguvu, wakawa kama watu wawili wanaogombania usukani. Ukatoka mstari mwingine, mzuri, sambamba na ule wa kwanza.

"Umegoma," akasema. Jasho lilikuwa linamtoka. "Shemeji, niitie dada yako."

Dada yangu alikuja na kitambaa cha meza, kile cha jikoni. Kioo akakitazama kwa mbali.

"Kibichi au kikavu?"

"Kikavu. Kina makombo na chumvi."

"Kuna sukari?"

"Na sukari."

Kioo akarudi nyuma hatua moja. "Basi futa," akasema. "Kama ulivyofuta baiskeli."

Dada yangu alimtazama kwanza, kuhakikisha. Miaka kumi na minane! Kisha akakunja mikono ya gauni, akaegemeza kiganja kwenye boneti, akazungusha. Alianza taratibu, duara moja, jingine ndani yake, jingine kando, mpaka bega likakumbuka, na hapo akafuta gari kama mtu aliyefunguliwa kamba. Kioo alikuwa amejificha nyuma ya gurudumu. Kila duara likipita alikunja uso kana kwamba anang'olewa jino. Hakuvumilia kunyamaza.

"Usikandamize hapo ukingoni, vanishi ni nyembamba!"

"Mume wangu, niache nifute!"

Mama Safari akavua viatu, akachukua tambara. Dereva naye. Fundi wa injini akaleta kitambaa chake cha mafua. Mimi nikatafuta ile sponji ya dhambi zangu, nikaipata. Tulilifuta gari lile saa nzima, watu wazima watano, kila mmoja na duara lake.

Tulipomaliza, jua lilikuwa linalipiga ubavuni. Viduara vilijaa kuanzia taa za mbele hadi za nyuma. Nikasogea kujitazama, nikaona ukungu tu wenye mabega. Kioo akaja kukagua kama anavyokagua siku zote, jicho moja limefumbwa, akalizunguka gari lote. Kwenye mlango wa nyuma akasimama.

"Hapa mmeruka."

Palikuwa na mahali pa ukubwa wa kiganja, chini ya kioo cha dirisha, ambapo uso wa mtu bado ulionekana vizuri. Alijitazama pale. Dada yangu akamnyooshea kitambaa cha jikoni. Akakipokea, akakiweka pale, na tukauona mkono wake ukienda mbele, ukasita, ukapinda, ukazunguka.

Ijumaa saa kumi watu walijaa hadi barabarani. Jeneza likatolewa nyumbani, likawekwa juu ya meza kando ya gari. Wote wakamgeukia Kioo, maana walijua yeye ndiye wa kuanza. Kioo akasimama amekauka. Dakika ikapita, nyingine ikapita. Mtu akakohoa. Mama Safari alikuwa ananiminya mkono hadi vidole vikafa ganzi. Kisha nikamwona Kioo anainama juu ya jeneza, anafumba jicho moja. Nikajua ameona kitu. Nami nikakiona: karibu na mshikio, vanishi ilikuwa imetiririka, tone refu limegandia njiani.

Nikasogea nimkanyage mguu. Alinyoosha kidole gumba, akaligusa lile tone, akakiacha kidole pale.

"Shemeji," akasema, "wamempaka kwa haraka." Midomo ikaanza kumcheza. "Shangazi yangu. Wamempaka kwa haraka."

Akalia. Kilikuwa kilio kibaya kuliko vyote nilivyowahi kusikia, hakina mwanzo wala mahali pa kuvutia pumzi, mdomo wazi, kamasi zikimshuka. Walioko nyuma wakalipuka. Wakalia walioko barabarani. Watu waliegemea ubavu wa gari, wakasukuma nyuso zao kwenye viduara vyetu, na hakuna aliyejitazama kwa sababu hapakuwa na cha kutazama. Fundi wa injini alipaliwa, akapigwa mgongo. Shangazi angeridhika.

Kioo akapapasa mifukoni akitafuta leso, hakuwa nayo. Kwenye koti akalikuta kopo la biskuti, sijui alilibeba kwa nini, nadhani kwa mazoea tu. Akalifungua, akatoa kitambaa cheupe, akapenga kamasi.

Dada yangu alikifua jioni ile, akakianika. Siku hizi ndicho anachofutia meza, kwa kuzungusha, na Kioo anasogeza sahani yake, anangoja amalize, anakula.